Ndege Mweupe Ubavuni mwa Kifaru

Leicester, Uingereza
8 Februari 1976

Cucu Wachuka,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole vya miguu, ambavyo sijavihisi tangu Desemba. Baba ameniandikia kwamba kifua chake kimetulia, na kwamba Mama alikuletea samli kutoka Nanyuki ukaipokea bila kumwambia aketi. Sijui niamini nini. Msalimie jirani yako Cucu Wamucii. Mwambie viazi vyake vya kuchoma kwenye majivu havina mfano huku.

Kazi ninayo bado, kiwanda kilekile cha kuchapa mabango. Jumamosi huwa naenda kwenye chama cha watu wanaojenga vifaru vya mfano. Usicheke. Si vitu vya kuchezea watoto. Kila inchi mbili za kifaru changu ni futi moja ya kile cha kweli, na kikikamilika kitakuwa na urefu wa mbuzi. Minyororo nimeikata pingili kwa pingili kwa mkono.

Ninajenga kile cha Babu, kile kidogo kilicho wazi juu, alichoendesha kwenye vita vya Hitler. Maonyesho ni Novemba, na mbele ya kila kifaru huwekwa kibao chenye jina la dereva wake. Nataka watu wa hapa wasome: NGATIA, OTHAYA.

Kilichonikwamisha ni alama. Kila kikosi kilikuwa na picha yake ubavuni mwa vifaru, na nambari chini yake. Madukani huku wanauza stika za alama hizo. Unaikata, unailoweka majini kidogo, picha inaachana na karatasi na kuteleza pale unapoitaka, na ikikauka utadhani imepakwa kwa brashi. Za Wajerumani zipo, za Waingereza, za Wamarekani, hata za Warusi. Za kwetu sijaona hata moja. Niliandikia ofisi inayotunza kumbukumbu za vita, wakajibu kwamba kikosi hicho kilikuwa kidogo na alama yake haikuhifadhiwa.

Kuchapa nitachapa mwenyewe, ndiyo kazi yangu. Lakini lazima nijue nachapa nini. Baba anasema ndani ya sanduku lako la bati kuna picha ya Babu amesimama kando ya kifaru, na kwamba hujawahi kumwonyesha mtu. Sitaki uitume, isije ikapotea. Niandikie tu ni mnyama gani, rangi gani, nambari ngapi.

Mjukuu wako,
Ngatia

—

Othaya
21 Machi 1976

Kwa Ngatia wa Kingori, mume wangu,

Nakuita mume wangu kwa sababu ulipewa jina la babu yako, na mwenye jina la mume wangu ni mume wangu, hata akivuka bahari ngapi. Kwa hivyo nyamaza nikuambie.

Mimi ni mzima lakini niko na miguu mbaya. Ng'ombe amezaa, na amezaa dume, basi ni kama hakuzaa. Mvua bado. Mama yako nilimwambia aketi, ni yeye aliona kuku amelala kwenye kiti akaogopa kumwamsha. Samli yake nilikula. Ilikuwa na moshi mwingi, lakini nilikula.

Wamucii yuko hapa mbele yangu anamenya ndizi. Anakusalimu, na anasema viazi ukivitaka urudi. Yeye hajui kusoma. Mimi niliposhikwa mkono nikapelekwa ngumbaru, darasa la watu wazima, na wazee wenzangu, yeye alikataa, ati herufi ni wadudu. Sasa ananitazama naandika na kunicheka, ati natoa ulimi nje kama mtoto. Na kama mama yako angekufunza Kikuyu, mimi singekuwa natokwa na jasho hapa kwa Kiswahili.

Sasa hiyo habari yako. Ulipelekwa huko kwa harambee ya watu. Watu waliuza kuku. Uko na miaka ishirini na saba, mke huna, na unaniandikia kwamba Jumamosi unakata bati kutengeneza gari la kuua watu lenye urefu wa mbuzi. Mbuzi hasa ungekuwa naye, ungechinja. Kama mikono inakuwasha, tengeneza trekta.

Picha hakuna. Ilikuliwa na mchwa. Na babu yako hakuwa mtu wa kuandikwa kwenye kibao. Alienda kwa vita kwa sababu alipelekwa, akarudi, akafa mwaka wa 1966 kwa tumbo. Mambo yake yote ni hayo.

Usiniulize tena. Na baba yako usimuulize, hajui kitu.

Vaa soksi mbili.

Wachuka wa Ngatia, kwa mkono wangu mwenyewe

—

Leicester
2 Mei 1976

Cucu,

Nimevaa soksi mbili na vidole vimerudi. Natumaini mvua imeshuka na miguu yako ina nafuu. Hapa miti imeanza kuota majani, na watu wamevua makoti kama walioambizana.

Cucu, usinikasirikie. Baba anasema sanduku lile lako umeliweka juu ya mawe, na tena ni la bati. Hao mchwa walipanda vipi?

Ngoja nikwambie kwa nini siachi. Siku ya kwanza nilipopeleka mchoro wangu kwenye chama, mzee mmoja aliuliza ninajenga cha nani. Nikasema cha babu yangu. Akawatazama wenzake, akauliza tangu lini wapishi na wabeba mizigo wakapewa vifaru. Wakacheka wote, hata wale ninaokunywa nao chai. Cucu, mimi huku ninafunguliwa mlango nusu kila ninapokwenda. Nataka siku moja tu, kwenye chumba kilichojaa hao watu, jina letu liwe juu ya meza na alama iwe ya kweli, asiwepo hata mmoja wa kuniambia nimebuni.

Nikiweka alama ya uongo watanijua. Nikiacha ubavu mtupu watasema haikuwepo. Kufika Agosti lazima niwe nimechapa. Nakuomba.

Ngatia

—

Othaya
20 Juni 1976

Mume wangu Ngatia,

Ukungu umekaa juu yetu wiki mbili, nguo haikauki, na kuni zimeisha. Mimi na Wamucii tunakoka moto mmoja, leo kwangu, kesho kwake. Amekohoa sana. Namchemshia majani anayatema, ni mzee mjinga. Baba yako alipita hapa akakula akaenda. Ile ndama dume nilimpa mtu.

Barua yako nilisoma mara tatu. Hao wazee wa huko ni wajinga, na wewe ni mjinga zaidi kwa kutaka wajinga wakusifu.

Lakini hukomi kuomba. Ulianza hivyo ukiwa na miaka minne, ukiomba sukari. Basi andika. Ilikuwa simba. Simba wa manjano ndani ya duara nyeusi, na nambari kumi na mbili. Hiyo ndiyo ninaikumbuka. Chapa, bandika, onyesha watu wako, halafu maliza. Na picha za hayo maonyesho usilete huku. Huku hakuna mtu anataka kuona vifaru. Sisi tuliviona.

Unajua Wamucii ni nani kwangu? Wewe unamwita Cucu, unafikiri ni jirani tu. Huyu ni mke wa ndugu yangu Mathenge, ndugu yangu wa tumbo moja, aliyeuawa wakati wa Hali ya Hatari. Alikuwa ameolewa mwaka mmoja tu. Mtoto hakupata, na kwa mume mwingine hakwenda. Tumelima pamoja miaka ishirini na mbili. Kwenye ua kati ya kwangu na kwake tulikata mwanya ili tusizunguke na maji. Asubuhi isiyo na sauti yake kwenye huo mwanya sijaiona. Watoto wangu wako mbali, wewe uko mbali, babu yako yuko chini. Niliye naye ni huyo.

Kwa hivyo nikikuambia nyamaza, kuna mtu namchunga.

Wachuka

—

Leicester
25 Julai 1976

Cucu Wachuka,

Asante. Barua yako niliibusu mbele ya mwenye nyumba wangu akaniona kichaa. Cucu Wamucii apone haraka. Mwambie ayanywe majani.

Simba nimekwisha kumchora. Namchapa hivi: nanyoosha kitambaa cha hariri kwenye fremu, naziba kila mahali pasipotakiwa rangi, halafu nasukuma wino kwa mpira ushuke kwenye karatasi yenye gundi ya maji. Rangi moja kwa siku moja. Manjano ya kwanza ilikuwa kama ya ndizi mbichi, nikaitupa. Ya pili ni nzuri.

Kuna habari njema zaidi. Mwenyekiti wa chama anamfahamu Mzungu mmoja mzee aliyekuwa ofisa kwenye vifaru vya kikosi cha Babu. Atakuja Septemba kukiona kabla ya maonyesho. Huenda alimjua.

Ngatia

—

Leicester
12 Septemba 1976

Cucu,

Sijapata jibu lako. Baba ameandika kwamba miguu imekulaza kitandani. Pole sana. Mama amenunua mafuta ya kuchua, na safari hii mwache aketi.

Yule ofisa mzee alikuja. Alikitazama kifaru muda mrefu akasema minyororo ni sawa, kila kitu ni sawa, lakini simba hakuwepo. Akatoa daftari dogo la wakati ule. Ndani yake kuna ndege mweupe, yangeyange, wale wanaofuata ng'ombe malishoni. Mguu mmoja ameuinua, amesimama ndani ya mraba mwekundu. Akaniuliza dereva alikuwa nani. Nilipotaja jina alisema bila kufikiri: thelathini na nane, yule mkimya.

Nikafurahi, Cucu. Nikamuuliza kama walikuwa pamoja mpaka vita vilipokwisha. Akasema ndiyo, na hata baadaye, magari yaliporudishwa Kenya na kupelekwa Nyeri, mwaka wa hamsini na tatu na hamsini na nne. Halafu akaomba kofia yake akaenda.

Baba alinifundisha kwamba miaka hiyo Babu alikuwa Mombasa akiendesha lori la mizigo.

Nimechapa upya. Nimeweka karatasi moja ndani ya bahasha hii, ndege mmoja na nambari yake. Tazama uniambie kama ndiye. Na uniambie kwa nini ulinipa simba.

Ngatia

—

Othaya
24 Oktoba 1976

Ngatia,

Baba yako yu mzima, mama yako yu mzima, aliketi. Salamu zangu leo ni hizo tu.

Barua yako ilikaa kwenye sanduku la posta la kiwanda cha kahawa wiki tatu kwa sababu sikuweza kutembea. Tarehe kumi na tano Wamucii alisema ataniletea, ni njia yake akitoka sokoni. Akaiweka ndani ya kiondo juu ya sukuma wiki. Mvua ya kwanza ilimkuta kwenye mteremko, ile ya kumwagwa na ndoo. Bahasha ililowa ikafunguka yenyewe. Akaona karatasi yenye picha inataka kuharibika, akaitoa, akaificha ndani ya kiganja, akakifunga, akatembea hivyo mpaka kwangu ili kitu cha mjukuu kisilowe.

Ilikuwa saa tisa mchana. Alisimama mlangoni akafungua mkono. Karatasi ilidondoka chini nyeupe, haina kitu. Ndege alikuwa amebaki kwenye mkono wake. Alifikiri ni rangi imetoka, akasugua kwa kidole, haikutoka. Akaenda pale penye mwanga akatazama vizuri.

Hakulia. Aliketi kwenye kizingiti na mkono wazi, akasema, "Huyu ndiye aliyembeba Mathenge." Halafu akaniuliza ndege amefikaje kwa nyumba yangu.

Ningeweza kudanganya. Ningesema mjukuu wangu ni mchoraji, huchora ndege. Angekubali, kwa sababu hajawahi kunipata na uongo. Lakini alikuwa amenyoosha ule mkono kama mtu anayengoja kumiminiwa maji. Nikaenda kwenye sanduku nikaitoa ile picha, nikaiweka juu ya magoti yake. Babu yako akiwa kijana, mkono ameweka juu ya kifaru, na ndege yuko hapo karibu na kiwiko chake. Wamucii alitazama picha, akatazama mkono, akatazama picha.

Sasa nisikilize wewe mwenye jina lake. Yeye sikumwambia akiwa hai. Utayapokea wewe.

Mume wangu, ulituambia sote uko Mombasa. Mimi nilikubali na watoto wakakubali. Tulikuwa kwenye kile kijiji cha handaki, tukichimba mchana na kufungiwa jioni, tusiwapelekee wapiganaji wa msituni chakula. Siku moja tukapigiwa kengele tuende sokoni, kila mtu, hata wagonjwa. Kifaru kilikuwa katikati. Mathenge alikuwa juu yake, amekwisha kufa, amefungwa kwa kamba pamoja na wengine wawili. Walikuwa wameshuka msituni kutafuta chakula. Tuliambiwa tutazame. Wamucii alisimama karibu na mimi hivi, bega kwa bega, na kwa kuwa hakuweza kumtazama mume wake alitazama ndege. Wakati wote ule alitazama ndege. Mimi nilitazama ndege pia, lakini mimi nilikuwa na picha nyumbani. Nikatazama nambari, nikajua uko ndani ya hilo bati.

Ulikuja baada ya wiki tatu. Ulileta sukari na vitambaa viwili. Ukaketi. Ukasema, "Sikujua ni yeye mpaka walipomgeuza uso." Ukasema pia mahali ulipowapeleka jioni ile: nyuma ya kambi ya askari, njia ya kwenda Chinga, pale walipochimba udongo wa barabara, shimo moja kwa wote watatu.

Nami nikakwambia, "Kula. Irio inapoa."

Sikusema jambo lingine. Siku hiyo wala mwaka huo wala siku ulipokufa. Ulikula ukamaliza nikakuongeza.

Na huyu Wamucii, unajua alivyotafuta mahali hapo? Baada ya Uhuru aliuliza kila mtu. Aliuliza wazee wa kanisa, aliuliza diwani, aliuliza wanaume waliotoka kizuizini. Alisikia kuna mtu Karatina aliyekuwa mchimba makaburi, tukaenda Karatina. Hakuwa yeye. Alisikia kuna mwingine Wang'uru kwenye mchele, tukaenda mpaka Wang'uru, tukarudi na homa. Safari hizo zote nilikwenda naye. Nilimshikia mwavuli. Nilikuwa najua mahali tangu mwanzo, saa mbili tu kwa miguu kutoka hapa kwangu. Lakini ningesema mahali, angeuliza ni nani aliyeniambia.

Hiyo ndiyo sababu ya simba wako.

Wamucii alipomaliza kutazama, hakuuliza kama aliyempiga risasi ni babu yako au mwingine. Aliuliza, "Wapi?" Nikamwambia. Akauliza nimejua tangu lini. Nikamwambia. Akaweka picha juu ya kiti, polepole, kama kitu cha mwenyewe, akatoka mvuani.

Kesho yake asubuhi nilisikia panga. Nilifikiri anakata kuni. Alikuwa anaziba ule mwanya kwa matawi ya miiba. Leo ni siku ya tisa na sijasikia sauti yake, isipokuwa kikohozi.

Hicho kibao chako sijui nikwambie nini. Usiandike jina. Au andika. Mimi nilidhani nilikuwa namchunga yeye, kumbe nilichunga chakula changu na mtu wa kukaa naye.

Wachuka

—

Leicester
14 Novemba 1976

Cucu,

Leo siwezi kuanza na habari za hali ya hewa.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama nje ya posta, na nikachelewa kazini. Maonyesho yalikuwa jana. Nilikwisha kumbandua simba kwa maji ya moto na wembe. Ndege sikumbandika. Kifaru nimekipeleka na ubavu mtupu na kibao nimekilaza kifudifudi. Yule mzee aliyesema wapishi alipita akasema, nilijua. Waamuzi wakaandika kwamba kazi ni nzuri lakini haijakamilika. Mimi nilisimama nyuma ya meza kutwa nzima, na mtu akiniuliza ni cha nani nasema bado natafuta.

Nilitaka jina letu lionekane. Sasa jina hilo ni langu pia na sijui nilishike wapi.

Nina karatasi ya ndege nyingine, imekauka, iko tayari. Sitaki kuamua mwenyewe, na Cucu, nisamehe, sitaki uamue wewe pia. Muulize Cucu Wamucii. Akisema nivunje, nitavunja, na bati nitalitupa. Akikataa kukujibu, nitajua pia.

Sikukasirikii. Nimejaribu, nikaona nakula chakula ambacho na mimi sikuuliza kilikotoka.

Ngatia

—

Othaya
12 Desemba 1976

Mume wangu Ngatia,

Hiki ni kiangazi kidogo, kahawa imeiva, watu wako shambani hata leo sikukuu. Baba yako alikuja na mama yako. Ni mama yako aliyenichua miguu, mikono yake ni mizito kama ya mwanamume lakini inajua. Natembea. Ndizi ziko.

Barua yako ilipofika nilikwenda nikasimama upande wangu wa miiba. Nilimwita akiwa anafagia. Ufagio ulinyamaza. Nikamsomea yote, hapo ulipokataa mimi niamue nikapasoma pia. Nilisoma vibaya, nikirudia maneno. Alingoja. Nilipomaliza alisema, "Mwambie amweke ndege. Bila ndege si kile." Ufagio ukaanza tena.

Nikauliza, na jina? Akasema, "La dereva liandikwe. Na la aliyebebwa liandikwe." Basi utaandika yote mawili, na usiongeze ushujaa wala masikitiko. Ngatia. Mathenge. Mwaka. Hao wazee wako wakiuliza Mathenge ni nani katika kikosi, waambie.

Nilifikiri imekwisha hapo. Lakini Jumatano alfajiri alikuja akasimama barabarani nje ya lango langu, hakuingia. Amevaa kanga safi na viatu. Akasema nimpeleke.

Tulitembea, yeye mbele, mimi nyuma na fimbo. Saa mbili zikawa nne kwa sababu ya miguu yangu. Hakuningoja wala hakuniacha. Nikisimama alisimama, amenipa mgongo.

Kambi ya askari haiko tena, hata jiwe. Lile shimo la udongo lilijazwa zamani, na juu yake ni chai. Chai yote, Ngatia, kutoka barabarani mpaka kule chini kwenye mto, imekatwa sawasawa kama meza. Mwenye shamba ni mtu mwema aliyenunua juzi, hajui kitu. Alitupa uji akauliza tumepoteza nini. Wamucii akanigeukia, mara ya kwanza kunitazama uso tangu mvua ile, akasema, "Onyesha."

Sikuweza. Babu yako alisema nyuma ya kambi, na kambi haiko, nyuma ni wapi? Nilinyoosha fimbo hivi, kisha hivi. Nikaona aibu nikaiteremsha.

Akavua viatu. Akaingia kwenye mstari wa kwanza wa chai, akaufuata mpaka mwisho, akarudi na wa pili. Anakwenda polepole, mikono ameiweka juu ya majani pande zote mbili. Wachuma chai walimpisha. Mimi niliketi ukingoni mwa barabara na viatu vyake. Alipita mistari yote. Jua lilipanda likaanza kushuka.

Aliporudi miguu ilikuwa na matope mpaka magotini. Nikamuuliza kama kuna mahali moyo wake ulimwambia ndipo. Alichukua viatu vyake kutoka mikononi mwangu.

"Nimepita kote," akasema. "Mahali pamoja nilimkanyaga."

Akashika njia ya juu, ile ya kuzunguka. Mimi nikarudi kwa ile tuliyokuja nayo.

Ni mimi, mke wa jina lako,
Wachuka